Jani Lisilokataliwa

Hellen alichota udongo kando ya barabara, akaurusha kwa nguvu zake zote. Ulipita juu ya kamba ya katani, ukatawanyika kwenye majani ya kahawa, na hata chembe moja haikufika kaburini. Akachota tena. Kule ndani, kati ya migomba, wanaume waliovaa mavazi meupe ya plastiki walikuwa wanamteremsha baba yake, Mzee Ebenezeri. Naye, mtoto wake wa pekee, alikuwa amezuiwa nje ya kihamba chao, shamba la ukoo, kama mbuzi wa jirani.

Aliyeifunga kamba ile ni Wilson, mtendaji wa kijiji. Ulikuwa mwaka ule wa barakoa, na agizo lilikuwa limemjia kwa simu: aliyekufa kwa shida ya kupumua azikwe haraka, wazikaji wawe wachache, na waliotoka nje ya nchi watengwe kwanza. Hellen alikuwa ametoka Dar es Salaam. Wilson alilijua hilo, maana alimuuliza mwenyewe na akajibiwa. Lakini siku zile Dar ilitajwa kwa kunong'onezwa, na hofu haikosi neno la kuongeza. Akaona Dar nayo ni mbali vya kutosha.

"Kaka Wilson," Hellen alimwambia kwa sauti ya chini, "nionyeshe palipoandikwa kwamba mtu wa Dar asizike."

"Sheria ni msumeno, dada yangu," akamjibu.

Msemo huo aliupenda sana. Aliwapa wapika pombe ya mbege wasio na kibali, akawapa walioiba zamu ya maji ya mfereji, na siku hiyo akampa mfiwa. Alijisahaulisha tu kwamba msumeno hukata mbele na nyuma.

Tusimwonee. Ugonjwa ulikuwepo, watu walikuwa wanakufa, na mama yake Wilson alikuwa na kifua kibovu tangu zamani. Wapo watakaosema alifanya vyema, na sina ubavu wa kuwabishia wote. Wazikaji kuwa wachache, sawa. Jeneza kutofunguliwa, sawa pia, ingawa inauma. Lakini kumsimamisha binti barabarani hakukuagizwa na mtu yeyote. Hilo lilitoka kwake, naye alilivika kofia ya serikali.

Mvua za masika zilikuwa hazijakatika alipofariki baba mdogo wa Wilson, Daniel, huko huko Dar, kwa kikohozi kile kile. Ukoo ukaamua aletwe nyumbani, maana Mchagga hazikwi ugenini kama hana kwao. Hakuna aliyempigia Wilson simu kumwambia kwamba agizo limeondolewa. Kamba ya katani ilikuwa inaning'inia stoo, msumarini, naye aliiona alipokwenda kuchukua sepetu. Akachukua sepetu, akafunga mlango.

Mabasi mawili madogo yakapanda kutoka Kwa Sadala yamejaa ndugu wa Dar. Walishuka wakikumbatiana na kulia, wengine na barakoa kidevuni. Wilson alipanga foleni pamoja nao, akatupia udongo wake kaburini, akarudi kunawa. Alipoketi na sahani yake ya ndizi na nyama ndipo alipomwona Mama Hellen, mjane wa Mzee Ebenezeri, kati ya kina mama. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi kichwani, kama jirani yeyote anavyokwenda msibani. Aliyatazama mabasi, akamtazama Wilson, kisha akainama kusaidia kumenya ndizi.

Wilson aliisukuma sahani kando. Aliona aibu, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza, na haikuondoka wageni walipoondoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni, wala hakuwahi kudhani kwamba mshika mkuki angekuwa yeye. Akawa anazunguka kwa njia ya juu ili asipite mbele ya kihamba cha Mama Hellen. Kazini akawa mpole hata wapika mbege wakaingiwa na wasiwasi.

Mama yake hakuuliza mengi. Asubuhi moja alikata jani la isale kwenye ua, akalipangusa umande kwa khanga, akampa. "Nenda nalo," akasema. Hakuwa na haja ya kueleza. Mlimani hapa kila mtu anajua: aliyekosewa akiletewa isale hana budi kusamehe. Akilikataa, lawama humgeukia yeye.

Wilson aliteremka nalo mkononi, na kila hatua kifua kilizidi kuwa chepesi. Alifikia hata kuanza kupiga mluzi. Mluzi huo ndio uliomsimamisha. Nafurahia nini, akajiuliza, nami sijasamehewa bado? Akaelewa kwamba alikuwa na hakika. Mama Hellen angelipokea jani, apende asipende, kwa sababu desturi haikumwachia nafasi. Kwa mara ya pili alikuwa anakwenda kwa mwanamke yule na amri mkononi. Akalichomeka jani kwenye ua wa watu, akaendelea mikono mitupu, na wepesi wote ukamtoka.

Alimkuta anamkatakatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mtendaji."

Zamani alikuwa akimwita mwanangu. Wilson akasimama pale pale na kumweleza yote: kwamba agizo halikumgusa mtu wa Dar, kwamba alijua, na kwamba kwenye msiba wa kwao mwenyewe aliiona kamba na kuifungia mlango. Mama Hellen aliendelea kukata mpaka Wilson alipomaliza.

"Mama alinipa isale," Wilson akasema. "Nimeliacha njiani."

"Kwa nini?"

"Ningekuja nalo, usingeweza kukataa."

Panga likatulia. Mama Hellen aligeuka kutazama kaburi la mumewe, ambapo majani yalikuwa yameanza kuota.

"Kwa hiyo unataka niweze kukataa."

"Ndiyo, mama."

"Basi nimekataa."

Hakulisema kwa hasira. Wilson alikuwa ameliomba mwenyewe, na bado lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alitaka kusema asante, akaona ni upuuzi. Akauliza kama anaweza kurudi siku nyingine.

"Aliyezuiwa ni Hellen," Mama Hellen akajibu. "Krismasi atapanda kuja huku. Akikukuta hapa, mtasemezana wenyewe. Mimi sitakuita, wala sitakufukuza."

Akarudi kwenye kazi yake. Kipande cha mgomba kiliruka chini ya panga, kikabiringika mpaka miguuni mwa Wilson. Akainama, akakiokota ampelekee.

"Acha," akasema mama yule bila kuinua macho.

Wilson akakiacha.