Mkalimani Aomba Kuapa

"Mwambie ajibu," Bwana Shauri, hakimu Mwingereza wa wilaya, alisema kwa mara ya tatu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Fanueli, mkalimani wake, akamgeukia Nesta na kulirudia swali kwa Kinyiha. Mama yule mzee alisimama peku mbele ya meza ya mahakama pale Mbozi, midomo ameifumba. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Uliingia dirishani polepole, ukaigusa meza, ukaigusa kofia ya Inspekta wa polisi, hata ikawa kama chumba kizima kimeng'oka ardhini na kinaelea.

Swali lilikuwa jepesi: je, ni jirani yake Osea aliyeikata kwa panga mibuni yake arobaini na miwili? Kila mtu aliyeketi pale alijua ni yeye. Osea mwenyewe, alipoulizwa kizimbani kama anakiri, alinyamaza vilevile, wakamwandikia kuwa amekana.

"Mkumbushe," Inspekta alisema, "kwamba ni yeye aliyekuja kituoni akilia. Asiposema, atalala ndani kwa kuidharau mahakama. Na huyu bwana nitamwombea miezi sita."

Fanueli alitafsiri. Nesta akamsogelea.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa hapa. Unajua. Mbona waniuliza?"

"Siulizi mimi, mama. Ni mdomo wangu tu."

"Basi uambie mdomo wako uone haya."

Watu wakacheka kwenye mabenchi.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Amesema... hatasema, Bwana."

Kwa miaka kumi na tisa Fanueli hakuwahi kupunguza neno la mtu wala kuongeza. Alijivunia hilo kama fundi ajivuniavyo ukuta ulionyooka. Leo alikuwa amepunguza, na masikio yalimwaka.

Kweli alijua. Mwezi uliopita Osea na Nesta walikaa mbele ya wazee wa koo zao. Kila mmoja akajaza maji kinywani, akayatema chini, na kosa likatoka nayo. Anayelitaja tena baada ya hapo analiita lirudi nyumbani, nalo halirudi bila kuleta ugonjwa. Tangu siku ile Osea alikuwa akipanda miche upya katika shamba la Nesta. Thelathini ilikwisha kushika, kumi na miwili ilikuwa kitaluni. Nesta aliamini shauri limekwisha. Nani angemwambia kwamba kilio chake, kilipoandikwa kituoni, kilikuwa cha Serikali?

Palikuwa na njia moja. Fanueli alikwisha kuitafsiri mara nyingi katika mashauri ya watu wengine: kuondoa mashtaka. Mlalamikaji hana uwezo huo, hata akilia. Uwezo ni wa mwendesha mashtaka, kabla ya hukumu, kwa ruhusa ya mahakama. Lakini Inspekta angeyaondoaje kwa sababu asiyoijua?

Fanueli akaacha kiti chake. Hatua nne tu, lakini alizipiga kama mtu anayevuka mto usingizini. Akasimama kando ya Nesta, akaweka mkono juu ya Biblia.

"Naomba kuapa, Bwana."

Bwana Shauri sasa aliinua macho. "Mkalimani hatoi ushahidi."

"Leo naomba nitoe. Nikimaliza, kiti kile mtanirudishia au mtampa mwingine."

Akaapa, akaeleza kwa Kiingereza chake cha misheni: maji, miche, woga wa mama yule kuliita kosa. Hakuwahi kuisikia sauti yake ndani ya chumba kile ikisema jambo lake yenyewe.

Inspekta alimtazama Osea, kisha mikono ya Osea, yenye udongo mwekundu kucha zote. Akanong'ona na Bwana Shauri kwa muda mrefu. Hatimaye akasimama.

"Naondoa mashtaka."

Fanueli alitafsiri yote, hata sehemu iliyomuuma. "Uko huru, Osea. Lakini hukutangazwa kuwa huna hatia. Serikali yaweza kukushtaki tena kwa jambo hili hili."

"Lini?"

"Hawakusema."

Osea hakutoka kizimbani. Mlango ulikuwa wazi, naye aliutazama kama umechorwa ukutani.

"Toka, wee!" Nesta akamvuta mkono wa shati. "Au unangoja wakupikie?"

Shauri lililofuata likaitwa. Hakuna aliyemwambia Fanueli akae, hakuna aliyemwambia aondoke. Alisimama nyuma ya kiti, akashika egemeo lake. Dirishani jua lilikuwa limetokeza, na barabarani wale wawili walikuwa wamesimama. Mkono wa Nesta ulipanda na kushuka. Osea aliinama kumsikiliza. Maneno hayakumfikia Fanueli, naye hakujaribu kuyakisia.