Everline Bado Anaripoti Kazini

Sista Kavindu alimfuta mzee Matheka bega kwa pamba, akamwambia alegeze mkono.

"Na wewe mwenyewe umechanjwa?" mzee akauliza.

"Kitambo sana," Kavindu akasema.

Ulikuwa uongo. Alikuwa amechanja nusu ya mtaa wa Mowlem, na yeye sindano ya korona hakuwahi kuikaribia.

Kwenye meza ya pili ya kliniki, muuguzi mwenzake Everline alikuwa akiita, "Anayefuata!" Everline alikufa kwa korona kabla chanjo haijafika, akazikwa kwao Vihiga. Jumatatu baada ya mazishi alirudi kazini na udongo mwekundu kwenye viatu, akavaa aproni, akaanza kupima watu presha. Wagonjwa hawakuwa na neno, ila wengine walinung'unika kwamba mikono yake ni baridi. Wazee waliipenda foleni yake kwa sababu hakuwa na haraka.

Waliofurahi zaidi ni wakubwa wa ofisi ya afya. Sista Triza, msimamizi wa kliniki, alipoomba muuguzi mwingine, aliambiwa kliniki ina wauguzi wawili na wote wanaripoti. Mshahara wa Everline walikuwa wameshausimamisha, maana marehemu halipwi. Hilo walilijua haraka, hawa watu!

Kuhusu chanjo, Kavindu alisikia mengi. Shangazi yake alimpigia simu kutoka Kitui kumwonya kwamba itamfunga kizazi. Hayo hayakumbabaisha, kazi yake aliisomea. Kilichomkaa rohoni ni barakoa. Wakubwa walioleta chanjo kwa magari na kamera ndio hao hao waliompa Everline barakoa moja kwa wiki nzima, akawa anaifua na kuianika dirishani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tena Kavindu alikuwa mpweke. Tangu korona iingie, wapangaji wenzake hawakuanika nguo kwenye kamba moja na zake. Kanisani benchi lake lilibaki lake peke yake. Aliyebaki wa kukaa naye ni Everline, baada ya kazi, jikoni mwa kliniki. Everline hakunywa chai. Alikishika tu kikombe apate joto.

Alhamisi moja, wakati wa kufunga, dozi moja ilibaki. Kichupa kikishafunguliwa hakilali hadi kesho. Dozi inayobaki humwagwa, au muuguzi humchanja mwenzake, kwa sababu pale kliniki muuguzi hajidungi mwenyewe. Everline akaivuta dawa kwenye sindano.

"Keti, dada."

"Sitaki. Hawa watu siwaamini."

"Kwani mimi nawaamini? Lakini dawa hawakuipika wao. Wao waliibeba tu."

"Wewe walikubebea nini?"

"Mimi walinichelewesha. Usijicheleweshe wewe."

Kavindu aliangalia sakafu. "Nikifa, si angalau tutakuwa wawili?"

Everline aliigonga sindano kwa ukucha kutoa hewa.

"Huko hatukai pamoja, Kavindu," akasema. "Kila mtu na kaburi lake. Mimi nakuja huku kwa sababu huko sina wa kuongea naye."

Kavindu alilia, kisha akafungua vifungo na kutoa bega. Mkono wa Everline ulikuwa baridi kweli, wagonjwa hawakuwa wamemsingizia.

Asubuhi aliamka na homa, mwili mzima ukimuuma. Watu walipita nje wakienda na kurudi bombani. Hakuna aliyebisha hodi. Ilipofika adhuhuri akampigia simu Sista Triza kuomba ruhusa.

"Pole, mama. Kunywa maji, homa itaisha," Triza akasema. "Usijali kazi. Everline ameshika meza zote mbili, hajaketi tangu asubuhi. Hata wakubwa wa ofisi wamepita hapa, wamependezwa sana."

"Walisema wataleta mtu?"

"Hapana. Wameuliza kama tuna wengine kama yeye."

Kavindu akasema hajui. Alikata simu, akanyoosha mkono kutafuta maji, na kikombe kilikuwa kitupu.