Zimwi Lenye Sauti ya Mwanangu

Saa za kazi Koo alikuwa zimwi. Saa zilizobaki alikuwa mtu asiyeamini mazimwi. Hakuona mgongano wowote katika mpangilio huo, kwa kuwa hata mchimba kaburi hatakiwi kufa ndipo aijue kazi yake. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichofunikwa magodoro ya sponji tangu sakafuni hadi darini, na humo, baina ya kipaza sauti na chupa ya maji vuguvugu, alizitia katuni za kigeni sauti ya Kiswahili: akinguruma, akibembeleza, akimeza watoto wa watu kwa lugha fasaha. Jina la Koo alipewa na fundi mitambo, mtu asiyekuwa mwepesi wa kusifu.

"Kaka, ukinguruma sishtuki," fundi alimwambia siku moja. "Ila ukianza ule upole wako, 'mwanangu, nifungulie mwanangu', mimi nikifika nyumbani nakagua kitasa mara mbili."

Upole huo Koo hakuubuni. Aliurithi kwa mama yake, mshonaji, aliyekuwa akiwasimulia wanawe hadithi huku mguu ukikanyaga cherehani. Katika hadithi aliyoipenda kuliko zote, zimwi lilikuja kwenye nyumba ya watoto walioachwa peke yao, likabisha kwa sauti ya mikwaruzo, watoto wakalicheka. Likaenda kwa mhunzi, likapigwa tupa kooni, likarudi na sauti laini ya mama yao. Hapo cherehani ilinyamaza, na mama hakunguruma hata kidogo. Aliwaita tu kwa sauti yake mwenyewe.

"Linalonguruma limeshawaonya," alikuwa akisema. "Liogopeni linalowajua."

Koo alikua, akasoma sana, akaipasua hadithi hiyo kama maiti mbele ya wanafunzi wa udaktari. Zimwi, alihitimisha, lilikuwa onyo la wazazi waliotoka asubuhi na kuacha watoto nyuma, likavishwa manyoya ili lisisahaulike. Maelezo hayo alimpa dada yake mara nyingi, bila kuombwa.

"Haya, msomi," dada alimjibu. "Ukipata watoto, wakilia usiku uwasomee hayo."

Kisha akili ya mama ikaanza kuchujuka, kama kitambaa kilichoachwa juani. Daktari alikuwa na jina refu la ugonjwa huo na maneno machache kuhusu tiba. Dada, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyekuwa akiishi na mama, akahamishiwa kituo cha mbali, na zamu ikamwangukia Koo. Kabla ya kuondoka, dada alifanya jambo ambalo kila mtu angeliona la busara: alimzoesha mama kutazama katuni kila alasiri. "Ukimkumbuka mwanao, washa hii," alimwambia. "Huyo anayesema ni yeye." Mama alishika agizo. Alichosahau ni nusu ya maelezo.

Koo alirudi kutoka kazini siku ya kwanza baada ya dada kuondoka, akakuta mlango umepigwa komeo kwa ndani.

"Mama, nifungulie. Ni mimi mwanao."

Kiti kiliburutwa, kikaegemezwa mlangoni.

"Nakujua," mama alisema. "Sasa hivi tu umetoka kula watoto wawili. Hujashiba?"

"Ile ni kazi, Mama. Naigiza kwenye televisheni."

"Kazi gani hiyo ya kula watoto?"

Swali lilikuwa la haki. Koo akaamua kutumia ushahidi, kwa vile maisha yake yote ushahidi ndio uliokuwa dini yake. Alimtajia kovu la gotini alilolipata utotoni kwa mkasi wa mama. Akamtajia shati la shule ambalo mama alilishona mikono mirefu mno, kisha akasema mtoto ndiye mfupi. Akaanza kutumaini, mpaka alipotambua kwamba mama alikuwa akilia.

"Maskini mwanangu," alisema. "Kumbe umemmeza na kumbukumbu zake zote."

Koo akaibana sauti, akasema kwa wembamba wa kijana.

"Umeshapita kwa mhunzi," mama akajibu.

Akampigia simu dada yake, akaongeza sauti na kuisogeza simu kwenye tundu la ufunguo.

"Mama, ni mimi," dada alisema. "Huyo ni mwanao wa kuzaa. Mfungulie tu."

Ndani, kitu cha udongo kilianguka na kuvunjika.

"Na binti yangu pia," mama alisema polepole. "Namsikia tumboni mwako."

"Kata simu," dada alinong'ona. "Kata, na usiseme neno lingine. Mwoneshe mkate dirishani."

Koo alifanya hivyo. Alisimama mbele ya kioo akiwa ameuinua mkate na paketi ya maziwa, uso wake wazi, uso ambao mama aliuosha, akaukemea na kuubusu kwa miaka mingi. Mama aliutazama kama mtu anavyotazama bango la duka. Kisha akaondoa kiti, akavuta komeo.

"Pita, baba, upesi," alisema. "Hapo nje kuna zimwi. Hujakutana nalo?"

Koo akatikisa kichwa.

Tangu hapo akawa bubu wa nyumba hiyo. Televisheni ilitolewa, lakini kumbukumbu ya sauti ya zimwi, katika zote zilizopotea, iliamua kubaki. Kazini alinguruma kama kawaida. Fundi alisema upole umezidi kutisha. Nyumbani alipika, akafagia, akamtungia mama uzi kwenye sindano, na mara mbili alipojisahau akasema "Mama", alilala nje ya mlango.

Alasiri moja walikaa dirishani, mama akishona kitambaa kisichokuwa cha mtu yeyote.

"Wewe mtu mwema, bubu wangu," alisema. "Mwanangu alikuwa msemaji sana. Kila kitu alikuwa na maelezo yake. Nadhani ndiyo maana likamtaka yeye."

Koo akalainisha ncha ya uzi kwa mate.

"Hajafa lakini. Mzazi hujua. Amejificha mahali." Alimsogelea, akapunguza sauti. "Wewe unatokatoka. Ukimwona, mfanyie ishara asiniite. Aje kimya tu, na mkate mkononi. Nitamjua, nitamfungulia."

Koo akaitikia kwa kichwa, akampa sindano.