Baraka ya Kazi

Neansa alikuwa mwalimu, na hakuwa mwalimu wa kubembeleza mtu. Kila kiangazi wageni walifika kwake Connemara, pwani ya magharibi ya Ireland, kujifunza Kiairishi cha kuombea maji na kuulizia njia, naye siku ya kwanza huwaambia, "Mmekuja na midomo mizito. Ijumaa mtaondoka hapa mnaropoka." Na kweli, ikifika Ijumaa wanaropoka.

Alhamisi hiyo alikuwa na watano. Aliwafundisha jambo ambalo vitabu vya wasafiri hulisahau: ukimkuta mtu kazini, humpiti hivi hivi kama ng'ombe. Unasema Bail ó Dhia ar an obair, Mungu aibariki kazi. Usiposema, umemtupia kijicho cha kumletea balaa.

"Na mtu akisahau?" aliuliza Heike, muuguzi wa Kijerumani asiyeacha jambo lipite.

"Hasahau," alisema Neansa, akafunga daftari.

Mwongo huyo. Miaka tisa nyuma yeye mwenyewe alipita, simu sikioni, chini ya mdogo wake Cóilín aliyekuwa juu ya ngazi anaezeka, asiseme neno. Kesho yake Cóilín akaanguka, mguu ukavunjika. Akasema ni kijicho cha dada yake. Neansa akasema ni ngazi mbovu. Kila mmoja akashika lake, na nyumba zao zinatazamana. Sasa Cóilín alikuwa anahamia Boston kwa binti yake, kesho asubuhi, moja kwa moja, na Neansa hajamuaga. Kumuaga alitaka. Lakini aanze yeye? Thubutu.

Baada ya chai aliwatoa wanafunzi nje wakajaribu ulimi kwa watu. Alishika njia ya pwani, kama kawaida yake, kuukwepa uwanja wa Cóilín. Ndipo Heike akasikia mawe yakigongana upande wa pili.

"Kule kuna mtu kazini, mwalimu," alisema, na huyo, wenzake nyuma. Neansa akaita, lakini nani amsikie; ikabidi awafuate.

Cóilín alikuwa anaziba pengo la ukuta wa mpaka, pale ng'ombe wa Neansa walipozoea kupenya. Mtu kesho anasafiri na bado anapanga mawe, ndivyo alivyo. Heike akaitamka baraka polepole, wenzake wakafuata mmoja mmoja, na Cóilín akawajibu wote watano kwa adabu, kofia mkononi. Kisha akavaa kofia yake, akarudi kwenye mawe.

"Mwalimu, umebaki wewe," alisema Heike.

Neansa alitazama ukuta. "Jiwe lile la tatu umelilaza vibaya."

"Ndivyo alivyolilaza baba."

"Baba naye alikuwa mbishi."

Hakuna aliyecheka. Aibu ilimpanda Neansa mpaka masikioni: maneno aliyowafundisha mamia ya watu, leo yanamshinda mwenyewe. Basi akayasema. Aliyasema sawasawa, kama mtu aliyezaliwa nayo, mpaka neno la mwisho.

Cóilín akainuka. "Somo la asubuhi moja hilo, dada. Wewe limekuchukua miaka tisa."

"Mimi mzito wa kuelewa."

"Na ile ngazi ilikuwa mbovu," alisema Cóilín. "Nilijua siku ileile."

Neansa alimkodolea macho. Alikuwa na matusi ya miaka tisa mdomoni, yote yamepangika vizuri, na hata moja halikutoka.

"Usisimame tu," Cóilín akamwambia, akisogea kumpisha. "Shika huku, jiwe zito hili."

Neansa aliwaambia wanafunzi warudi nyumbani, akakunja mikono ya sweta, akainama. Walijenga mpaka jioni, wakibishana juu ya kila jiwe. Asubuhi yeye ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, na darasa la Ijumaa likafundishwa na Heike.