Nyasi Kwenye Kioo

Karakana ilimpachika jina la Sikio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukisikiliza chuma bila kukivunja. Hupaka jeli, akabandika kipimio kinachotuma sauti, na sauti iliyozama ndani ikarudi kama mistari kwenye kioo cha mashine. Penye ufa, mstari husimama.

Wiki ile kilikuja kitu kipya: vikono vya kubebea jukwaa la mafundi rangi linaloning'inia nje ya maghorofa. Kaka yake alikuwa mmoja wa mafundi hao. Vikono vilikuwa vya alumini iliyochanganywa na chembe za kauri, vyepesi lakini vigumu. Tatizo ni kwamba kila chembe ilirudisha sauti yake, kioo kikajaa vistari vifupi ambavyo wapimaji huviita nyasi. Mjomba wake, mkuu wa upimaji na ndiye aliyemtafutia kazi, akafanya kama walivyozoea kwa alumini tupu: akapunguza nguvu ya mashine mpaka kioo kikawa safi.

"Mjomba, ukizifyeka nyasi hivyo, hata nyoka humwoni."

"Nyoka yumo kichwani mwako, mpwa wangu. Chuo kimekutia uoga."

Wenzake wakacheka. Sikio akaonyesha kikono kimoja ambacho, nguvu ikipandishwa, mstari wake mrefu ulisimama palepale katikati ya nyasi kila aliporudia. Akaomba kikatwe waone. Mjomba akakubali kukata, ila akachagua mwenyewe kikono kingine, na kilipopasuliwa kilikuwa kizima, hakina hata kovu. Mjadala ukafa. Vikono vilivyobaki vikapakiwa, na kile chenye mstari kikiwamo.

Jioni Sikio alimsihi kaka yake asipande jukwaani. Kaka akamtania kwamba sasa anasikia mpaka mabati yakipiga chafya, lakini alipoona machozi akasema haya, kesho tumbo litamuuma.

Kesho yake kikono kile kilikatika kabla ya adhuhuri. Aliyekuwa juu ni kibarua aliyeitwa kujaza nafasi ya kaka.

Mjomba alifika nyumbani amenyauka, akaketi bila kuvua viatu. Akamtazama kaka mtu, mzima, mlangoni.

"Tumshukuru Mungu," akasema. "Si wa kwetu."

Sikio alitaka kumrukia kwa maneno, kisha akakumbuka. Habari ilipomfikia mchana, kabla hajauliza aliyeanguka ni nani, naye alikuwa amesema hayohayo moyoni. Na jana yake alikuwa na pumzi ya kuwaonya mafundi wote. Yote aliimalizia kwa mmoja.