Agneta Alishukuru Kanisani

Mawese ya moto yalimmwagikia Agneta begani na mgongoni siku ya Jumanne, kwenye mtambo wa kukamulia alikokuwa kibarua, nje kidogo ya mji wa Rumonge, Burundi. Akatibiwa, akafungwa bandeji, akarudishwa nyumbani kulala kifudifudi. Mume alikuwa amemzika katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Binti yake Anita alikuwa ameolewa mbali, Kabezi, naye alikuwa na kichanga.

Wenzake wa kwaya walikuja siku ya kwanza, wakaimba ubeti mmoja mlangoni.

"Tunakuombea, mama Anita," wakasema, wakaenda zao.

Maombi hayachoti maji. Siku ya tatu alikuwa hajaoga, hajala cha moto, na jasho lilimwasha kama upupu. Ndipo Kankindi alipoingia bila kubisha, amebeba beseni.

Agneta alitaka kuinuka, akashindwa. Kankindi alikuwa mke wa Dismasi, na Dismasi ndiye aliyekalia shamba la michikichi la Kigwena, ambalo baba yake Agneta alilikimbia wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Tangu arudi kutoka ukimbizini, miaka kumi na miwili, Agneta alikuwa akilidai kwa wazee wa kilima, waamuzi wa kesi za kijiji.

"Toka," akasema.

"Nitatoka nikimaliza. Geuka."

Akamwosha polepole, akipitisha kitambaa kando ya bandeji, hadi katikati ya vidole vya miguu. Agneta alilia kwa aibu, uso ameuficha kwenye mkeka.

"Unajua shamba lile ni la nani?"

Kitambaa kikasimama. "Najua. Na Dismasi anajua. Lakini mimi sina kauli nyumbani kwangu. Niko na mikono tu."

Alikuja kila siku kwa wiki tatu. Alipika bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti, tena kwa vitu vidogo vidogo: ngozi mpya, upepo wa ziwa, chumvi iliyotosha. Mwanzoni Agneta aliuma meno. Siku moja akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema amina.

Alipopona, akasimama kanisani wakati wa ushuhuda.

"Kwaya, mliniombea, murakoze, asanteni. Lakini aliyeniosha ni Kankindi. Kupitia kwake nilijua Bwana hajanisahau."

Watu wakapiga makofi. Dismasi, aliyeketi mbele na wazee wa kanisa, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Alhamisi Agneta akaitwa kwa wazee wa kilima. Dismasi alikuwa amekwisha kuanza kusema.

"Mama huyu ametushukuru mbele ya watu. Tumepatana. Shahidi ni kanisa zima. Kesi iishe."

"Ni kweli ulishukuru?" mwenyekiti akamwuliza.

Agneta aliona akisema hapana anamkana Kankindi, na akisema ndiyo anamnyang'anya marehemu baba yake shamba kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilimshukuru mke wake," akasema. "Yeye sikumshukuru."

Kankindi akainuka kati ya wanawake. "Wazee, mimi niliosha mgonjwa. Sikununua shamba."

Dismasi akamkata jicho. Mtu akacheka. "Hayo mambo ya wanawake," mwenyekiti akasema, akafunga daftari. Shamba likabaki kwa Dismasi.

Nje, Kankindi alimfuata hadi njiani.

"Ningejua, ningenyamaza kanisani," Agneta akamwambia.

"Ungenyamaza, bado ningekuja kukuosha."

Agneta alitafuta neno la kumchoma nalo, hakulipata. Laiti Kankindi angekuwa mwovu, uchungu ungekuwa na pa kwenda.

Dismasi akaita. Kankindi akafumba macho kidogo, kama anayemeza dawa chungu, akaenda. Alipofika kwa mumewe hakugeuka nyuma.

Agneta akashika njia ya kurudi nyumbani. Akajaribu kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule, maana ilimpasa, na ilikuwa kweli. Akasema nusu ya sala, akaongeza mwendo, maana mvua ilikuwa imeanza.