Kopo la Majani ya Chai

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa Februari, saa nne na robo asubuhi. Friji ya Mzee Nyundo ilikohoa mara moja kama mtu aliyepaliwa, ikatetemeka mwili mzima, ikanyamaza.

"Umeme umekatika," alisema mkwewe bila kuinua macho kwenye cherehani yake.

"Umekatika!" Mzee aliguna kutoka barazani. "Umeme si uzi wa nguo ukatike wenyewe. Kuna mkubwa mmoja ameketi chini ya kiyoyozi, amenyoosha kidole, sisi tumezimwa. Yeye hajazimwa."

Mzee Nyundo alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, karai, mifereji ya maji ya mvua, na yale makopo ya kuta mbili ambayo wauza uji waliyagombania, kwa kuwa uji uliotiwa humo alfajiri ulikuwa bado unachoma ulimi mchana. Nyundo yake ilisikika mtaa wa pili, na ulimi wake mtaa wa tatu. Tangu mkewe afariki hapakuwa na baya lolote duniani, kuanzia jua kali hadi kunguni, ambalo hakuwatwisha wakubwa. Majirani walishamzoea. Mvua ikichelewa walimuwahi kabla hajafungua kinywa: "Tunajua, mzee. Wameila."

Sababu alikuwa nayo. Mkewe aliingia hospitali kwa miguu yake, kabeba mkoba wake mwenyewe, akarudi kafunikwa shuka, kwa sababu taa za wodi zilizimika na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwenda yanakojua yenyewe. "Yako kwenye magari yao," mzee alisema siku ya mazishi, na hakuna aliyembishia.

Sasa hospitali ile ile ilikuwa imewarudishia mjukuu wa kike, jana yake, akiwa amekatwa mafindofindo. Walimwita Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea, maana mtoto yule aliongea hadi usingizini. Lakini tangu arudi hakuwa ametoa neno wala kumeza kitu. Maji aliyatema. Uji uliopoa aliusukuma. Akiona kijiko tu alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimlengalenga.

"Mpeni vitu baridi, laini, vinavyoteleza," muuguzi alikuwa amewaambia. "Koo litapata ganzi, atameza. Lakini jua la kesho likizama hajameza chochote, mrudisheni tumtundikie dripu. Kwenye joto hili mtoto hukauka upesi."

Mrudisheni. Neno hilo lilimkwama mzee kama mwiba wa samaki. Amrudishe Chiriku kwenye wodi ile, chini ya taa zile?

Aiskrimu za dukani zisingefaa. Maziwa na mtoto huyo walikuwa paka na panya tangu alipozaliwa. Tone moja tu na midomo ingevimba kama maandazi. Ndiyo maana mkwe alikuwa ameamka mapema akakuna nazi, akakamua tui zito, akaponda ndizi zilizoiva hadi ganda kuota madoa, akakoroga na sukari na kuweka bakuli kwenye friji ligande. Sasa adhuhuri ilikuwa imefika, friji ni kabati tu, na tui limekuwa vuguvugu kama maji ya kuogea.

Mkwe alisimama mbele ya bakuli, mikono kiunoni.

"Mama alikuwa anagandisha bila friji," alisema polepole. "Ndoo, barafu na chumvi. Niliona mwenyewe nilipoolewa hapa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo hapo barazani, baba. Unagonga mabati, unawatukana wakubwa."

Mzee alichukua gunia, akaenda sokoni, kwa yule jamaa aliyewauzia wauza samaki barafu. Jamaa alikuwa amekalia sanduku lake la mbao, kajifunika kichwa kwa taulo bichi.

"Mzee Nyundo! Pande zima? Leo unamgandisha nani?"

"Ningewapata wote ninaowataka, hilo lako lisingetosha."

"Basi wahi, wasikuyeyukie njiani."

Alirudi na pande la barafu mgongoni, maji yakimtiririka hadi kwenye visigino na kuacha mstari mweusi barabarani ambao jua liliufuta nyuma yake. Aliligonga kwa nyundo mle mle ndani ya gunia hadi likawa vipande vya ukubwa wa mayai. Akavijaza kwenye ndoo. Hapo ndipo mkwe aliponyoosha mkono juu ya jiko, akatungua kwenye msumari kopo la majani ya chai, kuukuu, jembamba, lenye ubavu uliobonyea.

"Hilo la nini?"

"Ndilo alilotumia mama."

"Hebu nitolee balaa. Nyumba ya fundi bati! Najua kinyozi hajinyoi, lakini si kwa aibu hiyo." Mzee aliingia stoo, akatoka na kopo la kuta mbili, jipya, linalong'aa hadi unajiona meno. Aliligonga kwa kucha. "Sikiliza mlio huo. Kuta mbili, mshono wa kukunjwa, lehemu kotekote. Baridi ikiingia humu haitoki."

"Baba, mama alitumia hili."

"Alitumia hilo kwa sababu sikuwahi kukaa nikamtengenezea la maana."

Walimimina tui kwenye kopo jipya, wakalizamisha katikati ya barafu. Mkwe akaleta mfuko wa chumvi ya mawe na kuanza kuimwaga kwa konzi.

"Wewe! Chumvi si inayeyusha barafu?"

"Inayeyusha."

"Sasa?"

"Sasa sijui, baba. Ndivyo alivyofanya. Pekecha."

Mzee alilishika kopo kwa juu, akalipekecha, kulia, kushoto, kama mtu anayewasha moto kwa kijiti. Chiriku alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, kimya, macho yakifuata mikono ya babu. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa ukavu. Mzee aliiona, akapekecha kwa nguvu zaidi. Kivuli cha nyumba kilitoka ukutani, kikagusa ndoo, kikaivuka. Barafu ilipungua, ikaelea, ikasinyaa.

Alipofunua kifuniko, tui lilimtazama vile vile lilivyoingia. Alichovya kidole. Vuguvugu.

"Wameichakachua!" alifoka. "Hata barafu! Wametia sijui nini kwenye maji ya bomba, barafu haina tena baridi! Hawa watu, hawa wakubwa, hawatuachii hata—"

Mkwe alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka kama chafya, na baada ya usiku wa kukesha na mtoto hakuweza kukirudisha.

"Leo mkubwa ni wewe, baba," alisema akijifuta machozi kwa kanga. "Umejifungia ndani ya kuta mbili, shida za nje hazikufikii."

Mtu mwingine angetukanwa hadi jioni. Lakini mzee alibaki ameduwaa, mdomo wazi, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika kopo kwa nje, na kule nje kulikuwa kunauma. Kidole cha kulia ndani, joto. Kiganja cha kushoto nje, baridi ya kung'ata mifupa. Na katikati yake, ukuta wake mwenyewe, kazi ya mikono yake, inayozuia. Kopo la aina ile ile iliyowatunzia watu joto la uji tangu alfajiri lilikuwa linamtunzia na yeye joto la tui, kwa uaminifu ule ule. Halikuwa na kosa. Lilifanya alichokuwa amelitengenezea.

Aliinuka. Alilichukua lile kopo la majani ya chai yeye mwenyewe, akalisugua kwa upindo wa shati, akamimina tui. Barafu iliyobaki ilikuwa ya mwisho. Hapakuwa na pande jingine, na jua lilishaanza kuinama. Alimwaga maji kidogo, akaongeza chumvi, safari hii kwa mkono wake, ingawa akili yake yote ilimwambia anajiharibia.

"Pole pole," mkwe alinong'ona. "Mama hakuwa na haraka."

Alipekecha. Kulia, kushoto. Bati lile lilikuwa jembamba kama jani. Angelitazama kwa jicho la ufundi angelitupa. Na kupitia wembamba ule alianza kusikia kitu mikononi. Kwanza kopo lilikuwa jepesi kuzunguka, tui likichapa kuta kwa ndani, chapa, chapa. Kisha ile chapa ikawa nzito. Kisha ikanyamaza.

"Tazama," mkwe alisema.

Ubavu wa kopo, pale ulipojitokeza juu ya barafu, ulikuwa umeota unga mweupe. Mzee aliinamisha uso. Haukuwa unga. Ilikuwa theluji, nyembamba kama vumbi la chaki, inajiandika yenyewe juu ya bati mchana wa Februari, siku ambayo ukitembea peku uani unaruka kama kuku. Aliigusa kwa ncha ya kidole na kidole kikanata. Barafu kwenye ndoo ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yake, maji yanaongezeka, na kadiri ilivyoyeyuka ndivyo baridi ilivyozidi. Kwamba kitu kinakufa na nguvu zake zinaongezeka!

Alikuwa fundi wa moto maisha yake yote. Kwa moto alikuwa amelainisha bati, ameyeyusha lehemu, ameunga kilichopasuka. Alidhani anajua kila njia ambayo kitu kinaweza kugeuka kuwa kingine. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baridi nayo ina mikono.

Walifunua. Pembeni, tui lilikuwa limeshika ukuta, jeupe, nene. Mkwe alimpa mwiko.

"Likwangue, likoroge katikati. Ukiliacha litakuwa jiwe la kuvunja meno. Ukilisumbua, linalainika."

Alilikwangua. Kilichotoka pembeni kilizama katikati, kilichokuwa katikati kikaenda pembeni, na kila alipozungusha mwiko kikabadilika: kutoka maji kuwa uji, kutoka uji kuwa kitu ambacho hakuwa na jina lake. Kilijikunja nyuma ya mwiko kama kitambaa cha hariri. Kilibaki na alama ya ulikopita mwiko. Humo hamkuwa na tone la maziwa, nazi tu na ndizi na mikono, lakini kilikuwa laini kuliko maziwa yoyote aliyowahi kuyaona, na kilitoa moshi mwembamba wa baridi ukatambaa kwenye vidole vyake. Nyundo yake ilikuwa kimya, na ulimi wake pia. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta kuuliza kama mzee anaumwa.

"Shh," mkwe alimwambia. "Anapika."

Jua lilikuwa limefika kwenye paa la nyumba ya mbele. Mzee alichota kwenye ncha ya kijiko, kiasi cha punje ya mahindi, akapiga magoti mbele ya mkeka. Goti lililia. Chiriku aliona kijiko, viganja vikapanda mdomoni.

Siku nyingine angembembeleza, au angemtisha. Leo alikishika tu kijiko pale hewani, moshi ule mwembamba ukipanda kati ya nyuso zao mbili. Mtoto aliutazama. Hakuwa amewahi kuona moshi usiochoma. Kidole kimoja kilitoka kwenye safu, kikaugusa, kikarudi. Kisha viganja vikashuka.

Alikipokea. Akafumba macho. Mkwe alishika fremu ya mlango kwa nguvu. Uso wa mtoto ulijikunja kwa uchungu, ukasimama hivyo, na mzee akajua ameshindwa, akaanza kuhesabu moyoni njia ya kwenda hospitali, mlango wa wodi, taa. Halafu akaliona koo, lile koo jembamba kama la ndege, likipanda na kushuka.

Uso ukakunjuka. Chiriku alifumbua macho makubwa, akamtazama babu yake kama mtu aliyeonyeshwa siri, akafungua mdomo tena.

Kijiko cha pili kilikuwa kikubwa. Cha tatu alikishika mwenyewe. Mkwe aliketi kizingitini, akaingiza uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika. Mzee akaonja kilichobaki kwenye mwiko. Kiliteleza ulimini, kikatoweka kabla hajakijua. Hivi ndivyo mkewe alivyokuwa akitengeneza, hatua mbili nyuma ya mgongo wake, miaka yote ile, naye anapokea bakuli, anakula, anasema tamu, anarudi kugonga.

"Babu."

Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanwa. Wote wawili waligeuka.

"Naam, mama. Usiongee sana, utaliumiza koo."

Lakini nani amzuie chiriku? Alielekeza kijiko kwenye ndoo, ambamo sasa vilielea vipande vichache tu, vidogo kama kucha.

"Barafu imeisha. Baridi imetoka wapi?"

Mzee alifungua kinywa. Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari, limekaa kwenye ncha ya ulimi: waulize wakubwa. Alilimeza.

"Kwenye chumvi," alisema. "Nadhani. Bibi yako ndiye aliyejua."

"Aliambiwa na nani?"

Mzee alimtazama mkwe. Mkwe alitikisa kichwa. Yeye alimkuta mama mkwe wake akijua tayari. Mzee akalitazama lile kopo la majani ya chai, theluji ikianza kulitiririka, akapekua miaka yote aliyoishi na mwanamke yule, vyakula, safari, ugomvi, vicheko, akitafuta siku hata moja ambayo alimuuliza. Mtoto alisubiri, kijiko mdomoni.

"Babu? Nani alimwambia bibi atie chumvi?"